Bi Taka Hajaoshwa

Kila alasiri, watoto wa shule wakishatawanyika, Dionisia alivua viatu, akajifunga kaniki juu ya gauni lake la ualimu, akaenda uani kumsaidia Bi Sabaha, mwenye nyumba alimopanga, kutwanga. Kinu kilikuwa kimoja, michi miwili. Mmoja akishusha, mwenziwe anainua. Siku za mwanzo michi iligongana hovyo, na Bi Sabaha alikuwa akicheka na kusema kwamba kutwanga kwa wawili ni kusikilizana, hapo chuo hakisaidii. Sasa walikuwa wamezoeana. Mtu aliyepita njiani angedhani anatwanga mmoja mwenye mikono minne.

Siku hiyo makopa ya muhogo yalikuwa yameanza kulainika. Mchi wa Dionisia ulikuwa juu wakati sauti kubwa, kama ya mtu anayesemea ndani ya debe, ilipopita barabarani ikitangaza sinema: leo, baada ya magharibi, kiwanja cha shule, bure, wanaume kwa wanawake. Mchi wa Bi Sabaha haukuinuka tena. Aliuegemeza ukutani, akajifuta unga usoni kwa pindo la khanga, akasema kama mtu aliyeitwa jina lake:

"Wamenileta."

Kijiji kizima cha Mnero kilijua maana yake, maana Bi Sabaha hakuwa ameificha. Kiangazi cha mwaka juzi alikwenda Nandagala kwa kaka yake, akawakuta Wazungu wa sinema wanatafuta watu wa kucheza. Picha yao ilihusu usafi na kilimo bora. Mwanamume walikwisha kumpata, na mke mwema wamempata, msichana mmoja mwenye meno mazuri. Mke mbaya ndiye aliyekosekana. Kila mwanamke waliyemwomba alijifunika uso akakimbia. Bi Sabaha akasema atacheza yeye.

Kwake hilo halikuwa jambo la kuonea haya. Alikuwa kungwi. Wanawali walipotolewa unyagoni, na wanawake wakachezewa michezo ya kufundishia, mke mpumbavu alichezwa siku zote na mama mwenye heshima kuliko wote, kwa sababu upumbavu ni kitu cha hatari, haupewi mtoto akaushika. Bi Sabaha alikuwa amewacheza wapumbavu wa kila namna kwa miaka mingi: mvivu, mchoyo, mwizi wa mboga. Akina mama waliwaleta binti zao kwake kutoka Mnero, kutoka Marambo, hata kutoka Ruangwa. Mume wake alikuwa amefariki, mikorosho yake ilikuwa michache, na nyumba yake ilisimama kwa heshima hiyo zaidi ya kusimama kwa miti. Basi tangu siku ile ya Nandagala aliingoja picha yake kama mtu anavyomngoja mtoto aliyekwenda safari.

Alikuwa hajamaliza kuosha mikono wakati Mwalimu Selestini, mkuu wa shule, alipopiga hodi. Msemaji wa gari la sinema ameshikwa na homa, amebaki Nachingwea. Yupo dereva tu, Bwana Mbaruku, naye huendesha mtambo, hawezi kufanya kazi mbili. Picha yenyewe haisemi. Maneno yake yamepigwa chapa kwenye karatasi, yanasomwa kwenye kipaza sauti. Mwalimu Selestini alisema kwamba mambo ya nyumbani yatapendeza zaidi yakisomwa kwa sauti ya kike.

Dionisia hakuwa mtu wa kipaza sauti. Wazazi wa watoto walipokuja shuleni aliongea nao akiitazama miguu yao. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kwao ni upande wa Masasi, na masista waliomfundisha ualimu waliandika katika cheti chake kwamba ana tabia ya upole. Upole wake ulikuwa hivi: alipoulizwa jambo, neno la kwanza kumtoka lilikuwa ndiyo, hata kabla moyo haujapata habari.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema.

Bi Sabaha alifurahi kuliko mtu yeyote. Alisema ni bahati, maana mgeni asiyemjua angeisoma vibaya. Akaoga, akajipaka mafuta, akavaa khanga mpya aliyoiweka tangu sikukuu, akachukua mkeka wake akaenda kuketi mbele kabisa, katikati ya akina mama wenye wanawali wa mwaka ule.

Kitambaa cheupe kilitundikwa kati ya nguzo mbili za goli. Mbaruku, mtu mnene mwenye kucheka sana, aliyewahi kuendesha trekta katika mashamba ya karanga mpaka karanga zilipowashinda Wazungu wenyewe, alimkalisha Dionisia juu ya sanduku ubavuni mwa gari. Akampa karatasi na tochi. Akamwonyesha mahali pa kusemea, akamwambia asiogope, kile chuma hakiumi.

Injini ikanguruma. Kwenye kitambaa akatokea mwanamume anayeyumba, chupa mkononi. Dionisia alisoma kwa sauti nyembamba kwamba huyu ni Athumani, shamba lake limejaa magugu, fedha zake zinaishia kwenye pombe ya uraka. Halafu wake zake wawili. Huyu ni Bi Safi: anafagia, anachemsha maji. Na huyu ni Bi Taka.

Kiwanja kizima kilisema "aah". Ni yeye. Bi Sabaha, mrefu kama mnazi, nywele zimetimka, amejipaka majivu, anatoka mlangoni huku anajikuna. Kwanza watu walishangaa tu kumwona mtu wa kwao amekuwa picha ya mwanga. Kisha wakaanza kutabasamu. Alichovya mwiko katika chungu, akaulamba, akaurudisha chunguni. Alimfukuza kuku juu ya unga, halafu akaanua ule unga akaupuliza. Alicheza vizuri mno. Kila kiungo cha mwili wake kilikuwa kinasema uvivu. Mbele pale, juu ya mkeka, Bi Sabaha mwenyewe alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama bibi harusi.

Dionisia aliendelea kusoma. Na watu walikuwa wanamsikiliza. Hilo hakuwa amelipata maishani mwake. Aliposema neno, vichwa vilitikisika, aliponyamaza, vilingoja. Alisoma kwamba Bi Taka hanawi mikono, na alipoipandisha sauti kidogo kwenye "hanawi", kicheko kikatoka gizani kikamjia kama joto la moto. Akapandisha tena. Haya yake ilikuwa imekwenda wapi, hajui. Kifua kilikuwa chepesi.

Kisha Bi Taka akaenda kukaa. Alishusha makalio yake mkekani polepole, mkono mmoja kiunoni. Karatasi haikuwa na neno lolote hapo. Lakini Dionisia alimwona mama huyu akikaa hivyohivyo kila jioni, kazi zimekwisha, mlango umefungwa, wakiwa wawili tu kwenye moto; na kila jioni alimsikia akisema maneno yaleyale, nusu kuugua nusu kujichekesha. Akakisogelea kile chuma. Akayatoa, kwa sauti ya Bi Sabaha, kwa kule kuvuta pumzi kwake:

"Mgongo wangu wee, mgongo, nani kakutuma?"

Kiwanja kikapasuka. Wanaume walipiga mapaja yao. Watoto walijitupa chini. Majirani waliwahi kuyasikia maneno yale ukutani, na wasioyasikia waliijua sauti. Mpaka hapo alikuwa Bi Taka anachezwa na Bi Sabaha. Sasa watu waligeuka kumtazama yule wa kwenye mkeka, wakarudi kumtazama yule wa kwenye kitambaa, wakaona hakuna tofauti. Mbaruku alicheka mpaka akashika mtambo wake usianguke. Dionisia naye alicheka. Alicheka ndani ya kipaza sauti.

Alipotupa macho tena mbele, mkeka ulikuwa mtupu.

Picha ilikwenda hadi mwisho wake. Athumani akakutana na bwana shamba, akakataa kumsikiliza, akaanguka mtaroni, akajuta, akaenda kujifunza. Akachimba choo. Akapanda mbegu kwa mstari. Akanunua baiskeli. Bi Safi akasimama mlangoni akitabasamu. Na Bi Taka akaondoka, kikapu kichwani, njia nyembamba ikimmeza, mpaka akawa mdogo kama kisoda. Dionisia alisoma maneno ya mwisho kwenye karatasi, "Na hivyo ndivyo mke mvivu anavyoondoka," kwa sauti iliyokwisha kurudi kuwa nyembamba.

Nyumbani alikuta chakula chake kimefunikwa kama kawaida. Bi Sabaha alikuwa amekwisha lala, au amegeukia ukutani.

Asubuhi watoto wa darasa la pili walipanga mstari. Mmoja nyuma akashika kiuno akasema, "Mgongo wangu wee," na mstari mzima ukajibu, "nani kakutuma?" Dionisia aliinua fimbo, ikabaki hewani. Angempiga nani? Wimbo ni wa kwake.

Siku ya tatu alikuja Moza, jirani wa ng'ambo ya njia, mama wa mwanamwali mmojawapo. Dionisia alikuwa chumbani akisahihisha kazi za watoto, akasikia kila kitu kupitia ukuta wa udongo. Moza alizunguka sana, akauliza habari za kuku na za ufuta, kisha akatua. Akina mama wamekaa, wameonelea mwaka huu wanawali wafundishwe na kungwi wa Marambo. Si kwa ubaya. Ila wasichana wanacheka. Mwanamwali akimcheka kungwi wake, atajifunza nini kwake? Bi Sabaha alijibu kwamba ni kweli, asiyechekwa ndiye afundishe. Alimsindikiza mgeni wake hadi njiani, akarudi, na Dionisia akasikia mchi unashuka kinuni. Mchi mmoja. Wa pili ulikuwa umepandishwa darini tangu juzi.

Ulimi uliponza kichwa, walisema wazee, lakini hapa ulimi ulikuwa wa mmoja na kichwa cha mwingine. Dionisia alitaka kusema. Kila jioni alitaka kusema. Maneno yalifika kooni, yakamkuta mlinzi, yakarudi. Badala yake akajaribu mikono. Alfajiri aliamka kabla ya Bi Sabaha, akafagia ua mzima, hata nyuma ya choo. Bi Sabaha alisimama mlangoni akajifunga khanga yake.

"Haya," alisema, "leo Bi Safi amekuja kufagia kwa Bi Taka."

Mwisho wa juma alikwenda Nachingwea kwa lori la misheni, akanunua dukani kwa Mhindi sabuni ya kuogea, ile ya kufungwa kwa karatasi yenye maua. Aliiweka juu ya kinu bila neno. Bi Sabaha aliinusa, akaigeuza, akaiweka dirishani ambako kila mpita njia angeiona.

"Kumbe nanuka," alisema. "Ahsante, mwalimu. Nilikuwa sijui."

Zamani alikuwa akimwita mwanangu.

Basi Dionisia akabaki na kufikiri, maana hilo halikuhitaji sauti. Aliifikiria ile picha akiwa anachora ubaoni, akiwa kanisani, akiwa anachambua mboga. Chuoni walionyeshwa picha mara chache, moja ya nyuki na moja ya mtu mwenye kifua kikuu, na hakuwahi kujiuliza kitu juu yake. Sasa alijiuliza. Athumani alianza mlevi akaisha na baiskeli. Alipewa bwana shamba, alipewa mtaro wa kuangukia, alipewa hata muda wa kukaa juu ya jiwe peke yake akishika tama, watu wote wakimwona anavyogeuka ndani. Wakati ule kiwanja kilinyamaza. Watu walimwonea huruma. Bi Taka hakupewa jiwe la kukalia. Alitoka mlangoni mbaya, akaondoka njiani mbaya. Ni nani aliyempa nafasi ya kuwa kitu kingine? Shida zake zilikuwa nini? Alikuwa na mtoto? Mgongo ulikuwa unamuuma?

Kisha akamfikiria Bi Safi, na hapo ndipo aibu ilipompata vizuri. Kwa sababu watu wote walimwona Bi Safi ni mwema, na yeye pia alimwona mwema, lakini alipojaribu kukumbuka Bi Safi alifanya nini, hakukumbuka ila mlango. Alifungua mlango. Alisimama mlangoni. Wakati mwenziwe anapita mbele yake na kikapu, Bi Safi alikuwa palepale, meno yote nje. Hakusema kwaheri. Hakumshika mkono. Hakuna aliyejua kama aliipenda ile baiskeli. Alikuwa mwema jana, mwema leo, mwema kesho, kama chungu kilichopakwa chokaa. Na cheti chake yeye Dionisia kilisema ana tabia ya upole.

Jioni moja alijikaza, akachutama upande wa pili wa moto.

"Mama," alisema, "kule Nandagala, mlipocheza. Iliishia pale penye kikapu?"

Bi Sabaha alisonga ugali wake. Halafu akasema, bila kumtazama, kwamba mtu hawezi kuishia pale. Anayecheza upumbavu lazima aoshwe, tena mbele ya walewale waliomwona, vinginevyo zile taka zinabaki mwilini mwake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Kwa hiyo alipokwisha kutembea na kile kikapu, aligeuka akarudi. Wanawake wa Nandagala walijua. Walikuwa na maji tayari. Walimwagia, wakamwosha majivu, wakamsuka nywele palepale, akashika ufagio akafagia ua ule kutoka pembe hadi pembe, na vigelegele vikapigwa mpaka watu wa bondeni wakapanda kuuliza kuna harusi gani.

"Yule Mzungu alikuwa anafunga mashine yake kwenye sanduku," alisema. "Lakini walikuwa nazo mbili. Nikadhani ile nyingine bado inatazama."

Moto ulilia kidogo. Sasa, Dionisia alijiambia. Sema sasa.

"Ndiyo, mama," alisema. "Niongeze kuni?"

"Ongeza."

Siku mbili baadaye gari la sinema likasimama tena mbele ya shule. Msemaji wa Nachingwea alikuwa amepona homa, lakini Mbaruku alimwambia Mwalimu Selestini kwamba hamtaki tena. Anasoma kama karani wa kodi. Anamtaka huyu binti. Jumamosi wanaonyesha Ruangwa, sokoni, na watu wa Ruangwa wamekwisha sikia habari za mgongo. Mwalimu Selestini alisema ni heshima kwa shule. Dionisia akasema ndiyo, Mwalimu.

Ruangwa ndiko alikokaa Fatu, mpwa wa Bi Sabaha, mwenye mabinti wawili wa kutolewa mwaka huo. Hao ndio wanawali pekee waliombakia. Fatu hakuwa ameiona picha. Alikuwa ametuma neno kwamba anamngoja shangazi yake, na akina mama wa mtaa wake nao wanamngoja, labda wataongeza mabinti wao. Bi Sabaha aliposikia gari linakwenda huko, alifunga mkeka wake, akaenda kumwomba Mbaruku nafasi nyuma, kati ya masanduku.

Dionisia alimfuata hadi kwenye gari. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba pengine ingekuwa vizuri aende kesho yake, kwa miguu, na watu wa soko. Bi Sabaha alimtazama juu mpaka chini.

"Siku ile sikumwona hadi mwisho," alisema. "Nakwenda kumwona mwenzangu. Wewe si ndiye unayejua kumsema? Twende ukamseme."

Njia nzima Mbaruku alichekesha. Alimwambia Dionisia kwamba ana kipaji, kwamba angekuwa mwanamume angemchukua hadi Lindi. Lile la mgongo asilisahau, alisema, na kama yako mengine ya namna ile ayatie tu, karatasi ni ya kutuliza wakubwa. Dionisia alikuwa akiitikia. Nyuma, kupitia kidirisha kidogo, aliona khanga ileile ya sikukuu, imefunika kichwa, inatikisika na gari.

Soko la Ruangwa lilijaa kabla jua halijazama vizuri. Fatu alikuja na mabinti zake na kundi la akina mama, wakatandika upande wa wanawake. Bi Sabaha akaketi katikati yao. Wachache walimjua hapo zaidi ya wao. Giza lilipoingia, injini ikanguruma, na Athumani akaja na chupa yake.

Dionisia alisoma. Alisema Bi Safi. Alisema Bi Taka. Watu wakacheka palepale Mnero walipochekea, kwenye mwiko, kwenye unga wa kuku. Upande wa wanawake aliona vichwa vinainamiana, kuna aliyetambua. Kisha Bi Taka akaweka mkono kiunoni, akaanza kushuka kwenye mkeka.

Dionisia alifunga mdomo.

Mtambo ukazunguka. Mbaruku akakohoa. Akakohoa tena, akanong'ona, "Mgongo, mgongo." Mtu mmoja gizani, aliyekwisha sikia habari, akapaza sauti kuuliza mbona mgongo hausemi. Vicheko viwili vitatu vikafuata, vikafa vyenyewe. Kwenye kitambaa mwanamke mrefu alikaa chini kimya, na kwa kuwa hakuna aliyemsemea, safari hii watu waliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

Dionisia akaendelea. Mtaro, jiwe, choo, baiskeli. Alikuwa akisoma kama maji yanavyokwenda, na huku chini ya maji kulikuwa na kitu kinasimama. Aliona mlango wa Bi Safi. Aliona meno. Aliona kikapu kinapandishwa kichwani, na njia nyembamba, na mwanamke anakuwa mdogo. Karatasi ilisema, na hivyo ndivyo.

Akaizima tochi.

"Hakuondoka," alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa, ikagonga paa la soko ikarudi, akaiogopa. Alikishika kile chuma kwa mikono miwili.

"Waungwana, akina mama, huyu hakuondoka. Mashine ndiyo iliyoondoka. Athumani alingojewa mpaka akageuka, tukamwona. Huyu hakungojewa. Alirudi na kikapu chake, wanawake wa Nandagala wakamwosha, akafagia ule ua wote, akapigiwa vigelegele, na sisi hatukuonyeshwa. Bi Taka hayupo. Ni mchezo. Aliyemcheza anaitwa Bi Sabaha, ni kungwi, nami nakaa nyumbani kwake."

Mbaruku alikuwa amesimama, mdomo wazi, utepe umekwisha na mwisho wake unapiga tap tap tap. Kitambaa kilibaki cheupe tupu. Dionisia alijua angeweza kuishia hapo. Alikuwa amesema kweli, tena kwa Kiswahili kizuri. Hata Mwalimu Selestini angemsifu. Lakini bado lilikuwa halijasemwa.

"Na yale maneno ya mgongo," alisema, "hayamo kwenye picha. Ni maneno ya mama huyo akiwa amechoka, nyumbani kwake, mlango umefungwa. Niliyachukua mimi. Nilitaka watu wacheke."

Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa. Halafu upande wa wanawake, mahali palipokuwa na khanga ya sikukuu, sauti aliyoijua ikapanda taratibu, wala haikuwa na hasira.

"Sema tena, mwalimu. Huku nyuma hatukusikia vizuri."

Hawakuwa nyuma, walikuwa mbele kabisa. Dionisia aliweka kipaza sauti juu ya sanduku. Alishuka, akapita katikati ya watu, akaruka miguu na mikeka, mpaka akasimama mbele yake. Aliona miguu ya Bi Sabaha, ina vumbi la barabara. Akayainua macho yake kutoka kwenye miguu ile, akapanda nayo hadi usoni, na akasema bila chuma chochote, kwa sauti ambayo soko zima liliisikia:

"Nilikuaibisha, mama. Nisamehe."